Makala ya Bendi ya Kokoto

Makala yenyewe ilikuwa na sentensi tisa, na nane kati ya hizo zilikuwa uongo. Ile ya tisa ilisema kwamba Kokoto ni bendi ya muziki wa roki kutoka Kampala. Hiyo naikubali, maana bendi nimeisikia kwa masikio yangu mwenyewe na bado yananiuma.

"Bendi maarufu," makala ilisema. Maarufu wapi? Kwa nani? Kokoto ni watu wanne. Mmoja ni fundi wa friji, mmoja anauza vipuri vya pikipiki Bwaise, wa tatu ni Nabalayo, mpiga ngoma, ambaye mchana anasuka watu nywele. Wa nne ndiye mwimbaji na mpiga gitaa wao, Omolo, Mjaluo wa Kisumu, mwanamume ambaye kwa ajili yake nimedanganya nyumbani kwetu karibu miaka miwili. Wana nyimbo tano. Kila Jumamosi wanapiga katika baa moja ya Kansanga, mbele ya watu waliokuja kula nyama na kutazama mpira, na wimbo ukiisha anayepiga makofi ni mwenye baa, kwa kuwa sasa anaweza kuongeza sauti ya televisheni.

Eti wameleta mapinduzi katika muziki wa Afrika Mashariki. Nilisoma hapo nikacheka peke yangu ofisini, halafu nikaacha kucheka.

Mimi ni Kaltumi, binti Abdul-Latif, Mnubi. Mchana ni karani wa nyaraka katika ofisi ya kutoa mizigo huko Nakawa. Nikitoka kazini ninafanya kazi nyingine ambayo hainilipi chochote na ambayo naipenda kuliko ile ya kwanza: ni mhariri wa kujitolea katika kamusi elezo ya mtandaoni ya Kiswahili, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuingia na kuandika. Tena ni mkabidhi, maana yake nimeaminiwa kufuta. Na nimefuta. Nimefuta wachungaji waliojiita mitume, makocha wa timu zisizo na mpira, na kinyozi mmoja aliyejitangaza bingwa wa bara. Sheria yetu ni fupi. Ukitaka kuandikwa, lazima watu wasiokujua, wasiopata faida yoyote kwako, wawe wamekwisha kuandika habari zako mahali pa kuaminika. Hao ndio tunaowaita vyanzo huru. Si mama yako, si rafiki yako, na zaidi ya wote si wewe mwenyewe.

Sheria hii imenichoma hata mimi. Bibi yangu Rukiah, mama yake baba, ameimba doluka, nyimbo zetu za ngoma, kwenye harusi za Wanubi kuanzia Bombo mpaka Kibuli kwa miaka hamsini. Hakuna bibi harusi wa kwetu aliyeolewa bila wimbo wake. Lakini hakuna gazeti lililowahi kumwandika hata mstari, basi na mimi sijamwandika. Sheria ni msumeno. Sasa nikimnyima bibi yangu, nimpe mpiga gitaa wa Kansanga?

Jumatatu mhariri mwenzangu wa Tanga aliiona makala ya Kokoto, akaitilia shaka, akafungua mjadala wa kuifuta. Mjadala hudumu siku saba, na kwa hesabu yake ungefungwa Jumatatu inayofuata. Aliniandikia, "Dada Kaltumi, wewe uko Kampala, hawa unawajua?" Sikumjibu. Wengine wakaanza kupiga kura ibaki, kwa sababu chini yake kulikuwa na vyanzo vitatu kutoka tovuti tatu za habari. Hakuna mwingine katika mjadala ule aliyekuwa akiishi Kampala. Mimi nikinyamaza, makala itabaki.

Na nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Wiki mbili kabla, Omolo alikuja kwetu na baba yake mdogo, mzee Oyugi, kujitambulisha. Baba aliwapokea vizuri. Kuhusu dini Omolo alisema wazi kwamba anasoma kwa shehe na atasilimu, apewe mke au asipewe, na baba alilipenda jibu hilo. Kisha akamuuliza kazi. Omolo akasema ni mwanamuziki, wa bendi ya Kokoto. Kaka yangu Abdul-Karim, ambaye hawezi kununua nyanya bila kuuliza simu, akaitafuta hapo hapo. Simu ikamletea wauza kokoto, na picha za malori yao. Akampa baba simu aone. Mama yangu Bushira aliinama kwenye sinia la chai ili wageni wasione anacheka.

Baba hakucheka. Alimwambia Omolo, "Kijana, mimi nimeendesha lori Mombasa mpaka Juba miaka thelathini. Kila mpaka walikuwa wananifahamu kwa jina. Wewe, nani anakufahamu?" Omolo akatazama kikombe chake. Akapewa mpaka Jumapili ya wiki ya tatu arudi na wazee wake, na jibu.

Basi siku ile ile ya Jumatatu Abdul-Karim akaipata makala. Alikuja mbio kumwonyesha baba. Baba akavaa miwani, akasoma mara mbili, akasema, "Kumbe." Baadaye nilimsikia akimwambia mama atazame vyombo vya wageni kama vinatosha. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani nikaficha uso kwenye mto kwa furaha. Nasema ukweli wangu. Mkabidhi mzima, mfuta mitume, nikamwomba Mungu makala ya uongo isimame mpaka Jumapili.

Nilijidanganya mpaka Alhamisi. Nilijiambia labda kuna maonyesho nisiyoyajua. Alhamisi saa ya chakula nikavifungua vile vyanzo vitatu. Ilikuwa habari moja tu iliyobadilishwa vichwa. Mwandishi wake alikuwa rafiki wa fundi friji, mtu ambaye ukimpa kuku wa kuchoma atakuandikia kwamba wewe ni malaika. Na katikati ya habari kulikuwa na mstari huu: Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, kuanzia saa nane mchana, Kokoto walitumbuiza umati wa watu elfu tatu mjini Mbarara.

Tarehe hiyo naijua. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Saa nane mchana siku hiyo Omolo alikuwa Bwaise, nyumbani kwa bibi Rukiah, suruali imekunjwa magotini, anatoa nje godoro la bibi kwa sababu mvua ilikuwa imejaza maji ndani. Alikuwa amefunga. Hakuna aliyemwambia afunge. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka inapasuka, naye akajifanya haoni ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa pale pale mlangoni. Jua lilipozama bibi alichukua tende, akampa yeye kwanza kabla ya wajukuu zake. Omolo akanywa maji huku ananitazama juu ya kikombe. Hakutabasamu, alinitazama tu. Hapo ndipo mimi nilipokwisha. Mpaka siku hiyo nilikuwa naweza kumwacha.

Sasa siku hiyo ndiyo aliyoichukua akaigeuza Mbarara.

Sikumalizia chakula. Niliomba ruhusa, na saa kumi nilikuwa Kansanga. Baa ilikuwa tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, harufu ya bia ya jana imejaa. Nabalayo alikuwa anakaza ngoma zake. Omolo alikuwa ameinama kwenye waya za gitaa, shati limemshika mgongoni. Aliponiona uso wake wote ulifunguka, na mimi nilikasirika zaidi kwa sababu moyo wangu ulimjibu bila kuniuliza.

"Umeandika makala," nilisema.

Alitazama chini. Hakujaribu hata kukana. "Nimeandika."

"Wewe mwenyewe. Umekaa chini ukajiita maarufu."

"Kaltumi, si unajua baba yako alisema nini? Nilikaa pale kama mtoto wa shule. Ndugu yako ananionyesha lori za mawe."

"Kwa hiyo ukaenda kumdanganya."

"Nikaenda kutafuta kitu ya kumwonyesha."

Nabalayo akaingilia, sauti ya kubembeleza, Kiswahili kimechanganyika na Kiganda. "Nyabo, sisi sote tulikubali. Wewe iko na nguvu huko ndani ya kompyuta. Wacha tu hiyo makala ikae, bambi. Ikae mpaka Jumapili, alafu mutoe. Nani atajua?"

Nilimwambia kwamba mimi nitajua. Nilimwambia pia kwamba bendi yenye nyimbo tano haijaleta mapinduzi hata katika baa hii, kwamba mtu aliyekuja kula nyama hahesabiwi kuwa shabiki, na kwamba nimewahi kumfuta kinyozi aliyekuwa na haki ya kuandikwa kuwashinda wao, maana yeye walau wateja wake walikuwa wanamfuata kwa hiari. Niliyasema yote kwa utulivu, na kila neno nililitaka limuume. Nabalayo aliweka vijiti vyake chini akatoka nje. Naona huruma sasa. Wakati ule sikuona.

Omolo hakujitetea. Hilo ndilo lililonishinda. Angejitetea ningemdharau nikaondoka zangu.

"Haya ya umaarufu nimeyazoea," nikasema. "Kila siku ninafuta watu kama wewe. Lakini kwa nini tarehe ile? Mwaka una siku mia tatu na zaidi. Ungesema Januari. Ungesema Desemba. Siku yangu moja niliyokuwa nayo na wewe, siku pekee ambayo sikuwa na hofu, umekwenda kuwapa watu elfu tatu ambao hata hawapo."

Akaliweka gitaa chini. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na aliyaacha yajae.

"Huyo jamaa wa gazeti aliniuliza show ilikuwa lini," alisema hatimaye. "Nikakwama. Nikajaribu kufikiria tarehe, tarehe yoyote. Yenye ilikuja kwa kichwa ni hiyo moja. Hiyo ndiyo tarehe mimi najua mwaka huo mzima. Sijui ingine."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu. Kilikuwa na maji ya bia, na nililowa. Ningependa kusema kwamba nilimsamehe pale pale, maana nilitaka kumshika kichwa nikiweke kifuani kwangu. Lakini kadiri nilivyompenda ndivyo nilivyozidi kumdharau, na kujidharau mimi zaidi, mimi niliyeomba dua kwa ajili ya sentensi nane za uongo.

Nikatoa simu. Nikafungua ukurasa wa mjadala.

"Unafanya nini?"

"Kazi yangu."

Kwetu kuna sharti moja ambalo hata mkabidhi halikwepi. Mhariri mwenye uhusiano na mtu anayejadiliwa lazima autangaze uhusiano huo kwanza, mbele ya wote, ndipo aseme neno. Wengi huandika "tunafahamiana" wakapita. Nilijaribu kuandika hivyo. Nikaona kwamba nami ningekuwa nimedanganya, na tena nisingeweza kueleza nimejuaje kwamba hakuwa Mbarara.

Omolo alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma nikiandika. "Abdul-Karim anafungua hiyo kitu kila asubuhi," alisema polepole. "Ataona."

"Najua."

"Jumapili itakufa, Kaltumi."

"Najua, Omolo. Nyamaza niandike."

Niliandika hivi: "Natangaza uhusiano wangu. Mwimbaji wa bendi hii ni mwanamume ninayempenda, na ndiye ninayetaka anioe. Tarehe 15 Machi 2025 hakuwa Mbarara. Alikuwa Bwaise nyumbani kwa bibi yangu, amefunga, na tulifuturu pamoja. Vyanzo vyote vitatu ni habari moja, na habari hiyo si ya kweli. Bendi hii haijafikia sifa ya kuandikwa. Napendekeza makala ifutwe."

Nikahifadhi. Nikasimama, nikaondoka bila kumtazama, kwa sababu ningemtazama ningelia na sikutaka afaidi machozi yangu siku ile.

Nilikuwa bado natembea kandokando ya barabara ya Ggaba simu ilipolia kunijulisha kwamba kuna aliyejibu. Chini ya maneno yangu, kutoka kwa mtumiaji yule yule aliyeianzisha makala, palikuwa na mistari miwili: "Mimi ndio niliandika hii makala na jina yangu ni Omolo. Venye amesema ni ukweli, mtoe." Kiswahili chake ni cha kusikitisha. Nilisoma mara nne nikiwa nimesimama mbele ya duka la vitanda, na mwenye duka akanikaribisha ndani mara mbili akidhani nachagua.

Ijumaa, baba aliporudi kutoka msikitini, aliniita sebuleni. Mama alikuwa amekaa pembeni na ushungi wake mdomoni. Abdul-Karim alikuwa katikati, simu mkononi, na kwa amri ya baba akasoma maneno yangu kwa sauti. Alipofika kwenye "mwanamume ninayempenda" aliyatamka kama mtu aliyeshika panya mfu kwa mkia.

"Hii dunia nzima imesoma?" baba aliuliza.

"Watu kama kumi na wawili, baba," nikajibu. Ndiyo idadi yetu, siku ikiwa nzuri.

"Kwa hiyo mtu huyu si maarufu."

"Si maarufu."

"Na alinidanganya."

"Alidanganya, baba. Na mimi nilijua anadanganya tangu Jumatatu, nikanyamaza mpaka Alhamisi. Kwa hilo unikasirikie mimi."

Abdul-Karim alisema kwamba Jumapili ifutwe, kwamba ametutia aibu, kwamba mtu wa baa ni mtu wa baa tu hata akijifanya anafunga. Baba aliinua mkono kumnyamazisha. Baba hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akiitazama simu ya kaka yangu kwa macho mabaya.

"Hili la kufunga," alisema. "Nyumbani kwa mama yangu. Ni kweli?"

"Muulize, baba."

Akampigia pale pale, akaweka sauti ya wazi, maana masikio yake yamekufa kwa miaka ya lori. Bibi Rukiah aliitika baada ya muda mrefu. Waliongea Kinubi, lugha yetu ya nyumbani. Baada ya salamu ndefu, baba akamuuliza kama kweli kuna kijana Mjaluo aliyefuturu kwake Ramadhani ile.

"Omolo?" bibi alisema. "Alifunga siku nzima. Nilimvizia, nilidhani atatoroka nyuma akanywe maji. Hakutoroka. Alinitolea godoro, akanichimbia na mtaro. Tena amerudi Ramadhani hii iliyopita mara sita, bila huyo msichana wako. Siku moja kati ya hizo alikuja na gitaa, nikamfundisha nyimbo mbili. Hana sauti, lakini ana adabu."

Hayo ya mara sita sikuyajua. Hakuwahi kuniambia. Nikashika mgongo wa kochi.

"Mama," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kijana huyu amekuja hapa kumposa Kaltumi. Mimi nahangaika wiki tatu kutafuta ni mtu gani. Mbona hukuniambia unamfahamu?"

Bibi akajibu taratibu, kwa ile sauti ambayo wanawake wa Bombo wakiisikia huacha walichokuwa wakifanya.

"Uliniuliza, Abdul-Latif? Nasikia uliuliza simu."

Hakuna aliyecheka. Mama aliuvuta ushungi ukafunika uso wote. Baba alimuaga mama yake kwa heshima, akamrudishia Abdul-Karim simu yake, akamwambia aende akaangalie kama maji yanatoka bombani. Abdul-Karim akachukua ndoo, akaenda.

"Jumapili waje," baba aliniambia. "Yule mzee Oyugi na wengine wake. Lakini huyo mwongo wako nitamuuliza swali lile lile, na ajibu kwa mdomo wake. Akiniletea tena karatasi au picha, nitamfukuza mbele ya wazee wake."

Nilikwenda uani nikampigia Omolo. Simu haikulia hata mara moja kamili. Nilimpa habari kwa ufupi, kama karani anayesoma hati ya mizigo: saa, watu wangapi, nini asilete. Nikamweleza pia kwamba makala yake imepata kura sita za kufutwa, na kwamba ya saba nimeipiga mimi. Sikumtajia zile mara sita za Bwaise, maana ningezitaja sauti ingenisaliti.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Hapana. Bado nakudharau."

"Ni sawa," alisema. Nilimsikia anavuta pumzi, na nyuma yake Nabalayo anauliza nimesema nini. "Nidharau tu. Lakini usikate simu, tafadhali. Kaa hapo kidogo."

Mama alikuwa ananiita jikoni, na kaka yangu alikuwa amesimama bombani ananitazama kwa hasira, ndoo imejaa inamwagika miguuni pake. Nilimpa mgongo.

Sikukata.